Mtoto mwenye mrija shingoni hapumui kwa pua

Ndugu Mhariri,

Msimu wa salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, unabisha hodi. Mikorosho ikianza kuchanua, mashine za kupulizia zitanguruma tangu alfajiri, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Nachingwea, na vumbi la njano litatua kwenye majani, kwenye mapaa na kwenye nguo zilizoanikwa uani. Hatuna ugomvi na mkulima: bila salfa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hukausha maua, na maua yakikauka korosho hakuna. Tunaomba tu nafasi katika gazeti lako tuwasemee watoto wachache ambao vumbi hilo halipiti puani mwao. Kwao linaingilia shingoni, na kituo chake cha kwanza ni mapafu.

Hao ni watoto waliotobolewa koo la hewa, yaani trakea, wakawekewa mrija mfupi uliopinda ili wapumue kupitia hapo. Hospitalini huitwa trakeostomi. Mtaani ina majina mengi, mengine ya kutisha, na vitisho hivyo vina madhara yake: mtoto hufichwa ndani, jirani huogopa kumbeba, na siku mama hayupo hakuna anayethubutu kumgusa. Ukweli ni kwamba tundu lenyewe haliui. Kinachoua ni mrija kuziba, au kuchomoka, mbele ya mtu mzima asiyejua ashike wapi. Na hilo hufundishika, hata kwa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu.

Tuanze na pua. Pua huchuja vumbi, hupasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani. Mrija uko chini ya yote hayo. Ndiyo maana mtoto huyu akifikishwa zahanati amebanwa, oksijeni ikawekwa puani peke yake kama kwa mgonjwa mwingine, inaweza isimfikie kabisa. Oksijeni yake huwekwa shingoni, juu ya mrija. Kama mhudumu hajui njia ya juu, yaani ya pua na mdomo, iko wazi kiasi gani, na vifaa vinatosha, aweke shingoni na usoni pia. Maneno hayo tungependa kuyaona yamebandikwa ukutani katika kila zahanati ya Mtwara na Lindi.

Kwa nini mtoto atobolewe? Sehemu nyembamba kuliko zote katika njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa karibu milimita 4. Ikivimba milimita 1 pande zote, nafasi inayobaki ni robo tu, na ugumu wa kuvuta hewa huongezeka mara 16. Mtu mzima akivimba kiasi hicho hicho atakwaruza sauti na kuendelea na shughuli zake. Zamani adui mkubwa alikuwa dondakoo. Mfaransa Pierre Bretonneau alimwokoa mtoto mwenye ugonjwa huo kwa kumtoboa koo mwaka 1825. Leo chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 imeusukuma mbali, na atakayeiruka anaukaribisha upya. Sababu za sasa ni nyingine: kovu chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, baada ya mtoto kukaa muda mrefu na mrija wa mashine ya kupumulia, nyuzi za sauti zilizopooza, uvimbe wa shingo, mtoto anayehitaji mashine kwa wiki nyingi. Tena kuna chunjua za kooni, ziletwazo na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo mara nyingi mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa.

Hizi chunjua tuzisimamie kidogo, maana ndizo zinazochelewa kugunduliwa. Huanza na sauti kukauka. Mtoto analia kama kwa mnong'ono, na nyumbani wanasema ana mafua. Miezi inapita, anaanza kukoroma akiwa macho. Hapo njia hugawanyika mbili, zote mbovu. Moja ni kumpa dawa za pumu mwezi baada ya mwezi. Nyingine ni kumpeleka akakatwe kimeo. Kuhusu pumu, sikiliza sauti inatoka lini: pumu hupiga mluzi zaidi mtoto anapotoa pumzi, lakini pakiziba kooni, sauti husikika zaidi anapovuta. Kuhusu kimeo, hicho ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, mbali juu ya mahali palipoziba. Kukikata hakufungui chochote. Kinachobaki ni damu, kidonda na hatari ya pepopunda. Mtoto ambaye sauti yake imekauka zaidi ya wiki tatu anahitaji bingwa wa masikio, pua na koo amchungulie kwa kamera. Na yule ambaye mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, shingo inabonyea na puani panatanuka, huyo ni wa leo hii, hangoji kliniki ya Jumatatu.

Akiwahi, chunjua hunyofolewa kupitia mdomoni bila kutoboa shingo. Mabingwa huepuka kutoboa mtoto wa aina hii kadiri wawezavyo, kwa kuwa chunjua zinaweza kuota kuzunguka tundu na kushuka chini kwenye trakea. Akichelewa, hakuna cha kuchagua.

Upasuaji wenyewe tutausema kwa ufupi. Mtoto hulazwa chali chini ya dawa ya usingizi, na kitambaa kilichoviringishwa huwekwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Trakea hukatwa wima, kwa kawaida kwenye pete ya 3 na ya 4. Pete ya kwanza haiguswi: Chevalier Jackson wa Marekani alionya tangu 1921 kwamba kutoboa juu mno huleta kovu linaloziba njia. Kila upande wa mkato huachwa uzi mrefu, nao hubandikwa kifuani kwa plasta. Ndugu wanaouona hudhani umesahaulika. Haujasahaulika. Mrija ukichomoka katika siku hizo za mwanzo, kabla tundu halijajenga ukuta wake, daktari huvuta nyuzi hizo mbili na trakea hupanda juu na kufunguka. Hutolewa wakati wa kubadilisha mrija kwa mara ya kwanza, kati ya siku ya 5 na ya 7, kazi ambayo hufanywa hospitalini na si kwingine.

Namba iliyoandikwa kwenye bawa la mrija, ile sehemu bapa inayolala juu ya ngozi ya shingo, ni upana wa ndani kwa milimita. Kwa makadirio, mtoto wa miezi mitatu huvaa 3.5, wa mwaka mmoja 4.0, wa miaka miwili au mitatu 4.5, wa miaka mitano 5.0, mwenye neno la mwisho ni daktari. Lakini namba haitoshi. Mrija wa 3.5 wa kichanga na mrija wa 3.5 wa mtoto mkubwa kidogo hutofautiana urefu, na trakea ya kichanga ina kama sentimita 4 tu. Ukiwa mrefu mno unaingia pafu moja, ukiwa mfupi unachomoka kwa kikohozi. Kwa hiyo anayetumwa Dar es Salaam kununua asiende na namba kichwani. Aende na pakiti tupu ya ule wa zamani. Wala mrija wa mtu mzima usikatwe ili umtoshe mtoto. Mkunjo wake ni mwingine, na makali ya pale ulipokatwa hukwangua trakea.

Jambo moja huwachanganya waliowahi kumuuguza mtu mzima. Mrija wa mtu mzima mara nyingi una mrija mwingine ndani, unautoa, unauosha, unaurudisha. Mirija ya watoto wadogo kwa kawaida haina. Ukiziba na makohozi yasivutike, hutolewa wote na kuwekwa mwingine. Ndiyo sababu ya kisanduku.

Kisanduku hicho kinakwenda anakokwenda mtoto, hata chooni. Ndani yake: mrija wa akiba wa namba ile ile, na mwingine mdogo kwa nusu namba (anayevaa 4.0 awe na 3.5), tepe za shingoni zilizokwisha kukatwa, mkasi wenye ncha butu, mipira myembamba ya kunyonyea makohozi, jeli ya maji, salaini, bomba la sindano lisilo na sindano, na mfuko wa kupumulishia, ule wanaouita ambu, kama umepatikana. Kitambaa cha kuviringisha chini ya mabega si cha kununua, kanga inatosha. Jeli iwe ya maji kweli. Vaselini na mafuta ya nazi hayafai: mafuta yakishuka mapafuni huleta nimonia ya aina yake isiyosikia dawa za kawaida.

Sasa kunyonya makohozi, kazi itakayorudiwa mara nyingi kuliko zote. Mpira wa kunyonyea huchaguliwa kwa kuzidisha namba ya mrija mara mbili: mrija 4.0, mpira namba 8, mrija 5.0, mpira namba 10. Asiyeweza kusoma ataujua kwa rangi ya kichwa chake, namba 6 kijani hafifu, namba 8 buluu hafifu, namba 10 nyeusi. Mpira mnene mno huziba mrija wote na kufyonza hewa ya mapafu. Mwembamba mno hauvuti kitu.

Kina cha kuingiza hupimwa kabla, si kwa kukisia. Chukua mrija wa akiba, pitisha mpira ndani yake mpaka ncha itokeze nusu sentimita upande wa pili, tia alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha pima kwa rula na uandike idadi ya sentimita ukutani. Baada ya kipimo kile mrija wa akiba uoshwe tena. Zamani ilifundishwa kuingiza mpaka mpira ugote ndipo uvute. Kugota huko ni kugonga ukuta wa trakea. Baada ya wiki kadhaa panaota kinyama, kinyama kinatoka damu, na hatimaye chenyewe kinaziba njia. Mwenye kufundisha hivyo hadi leo aache.

Nawa mikono kwa sabuni. Washa mashine ya kunyonyea, ziba mpira kwa kidole na utazame saa yake ya kupimia mvuto: kwa mtoto iwe kati ya milimita 80 na 100 za zebaki, isizidi 120. Ingiza mpira, tundu la kidole gumba lililo kwenye kichwa chake likiwa wazi, bila kuvuta, mpaka kwenye alama. Ziba tundu, rudisha mpira ukiuzungusha kati ya vidole, ukihesabu moja hadi tano. Mpira ukiwa ndani mtoto hapumui sawasawa, na mzazi mwenye kubana pumzi zake mwenyewe wakati huo hajisahau. Mwache apumue, kisha rudia ikibidi, isizidi mara tatu kwa mkupuo. Kudondosha salaini ndani kila mara kabla ya kunyonya si lazima, na kwa wingi humfanya akohoe na oksijeni kushuka. Huwekwa matone machache makohozi yakiwa mazito, basi. Hospitalini mpira hutupwa baada ya kutumika mara moja. Nyumbani, ukisafishwa kwa kufyonza maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha ukahifadhiwa mahali pasafi na pakavu, familia nyingi huelekezwa kuutumia siku hiyo hiyo tu.

Lini? Akitoa sauti ya kukoroga, akipumua haraka, povu likitokeza, kabla ya kula na kabla ya kulala, na anapoamka. Hata akiwa mkavu kabisa, pitisha mpira asubuhi na usiku kuhakikisha njia iko wazi, maana makohozi makavu hayakorogi. Yanajenga ukoko kimya kimya. Mistari ya damu maana yake umeingia ndani mno, au mvuto ni mkali, au hewa ni kavu. Damu mbichi inayochuruzika ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Makohozi ya njano au kijani yenye harufu, pamoja na homa, nayo hayangojwi.

Umeme wa kwetu tunaujua. Nyumba yenye mtoto huyu isitegemee mashine ya umeme peke yake; zipo za kukanyaga kwa mguu na za kubana kwa mkono, zinavuta vizuri tu, na aliyezizoea haoni giza. Tena akiba ya mipira na salaini iwe ya mwezi, si ya wiki. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, bidhaa zilikwama siku kadhaa. Mafuta ya magari yanaweza kungoja. Mrija wa mtoto haungoji.

Tepe za shingoni hubadilishwa kila siku, na kwa jasho la ukanda huu pengine mara mbili. Watu wawili, mmoja ashike mrija tangu mwanzo hadi mwisho bila kuachia, hata nzi akimtua usoni. Mkalishe mtoto, kichwa kikiinama mbele kidogo, halafu pima: kidole chako kidogo kimoja kipite chini ya tepe. Ukipima akiwa amelala chali utadhani imebana, kumbe akikaa inalegea na kikohozi kimoja kinatosha kuurusha mrija nje. Funga fundo gumu. Fundo la kipepeo kaka yake wa miaka minne atalifungua kwa mchezo. Ngozi chini ya mabawa ioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, ikaushwe vizuri. Walioko Newala, ambako ndoo ya maji ina bei yake, tunasema kikombe kimoja cha maji safi kinatosha kwa shingo. Shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, isikatwe kwa mkasi ili kuizungushia mrija: nyuzinyuzi za ukingo uliokatwa huvutwa ndani.

Kubadilisha mrija mzima hufanywa kwa ratiba ya daktari, kwa wengi kila wiki, angalau saa mbili baada ya kula. Hapa pia ni watu wawili. Mrija mpya uwe tayari kabla ya wa zamani kuguswa: tepe zimepitishwa, kijiti cha kuongozea kiko ndani, ncha imepakwa jeli kidogo. Mtoto afungwe kwa kanga, mikono ndani, mabega juu ya kitambaa kilichoviringishwa. Mnyonye kwanza. Kata tepe, toa wa zamani kwa kufuata mkunjo wake, ingiza mpya kwa mkunjo ule ule, na uchomoe kijiti papo hapo, kwa sababu kikiwa ndani mtoto hana hewa hata chembe. Sogeza shavu karibu na mrija usikie pumzi. Kosa kubwa hapa ni nguvu. Mrija ukikataa, nyosha shingo upya, ujaribu ule mdogo. Ukisukuma, unaweza kupenya kwenye nyama mbele ya trakea. Utaona mrija umekaa vizuri kwa macho, lakini hakuna pumzi inayotoka na shingo inaanza kuvimba. Utoe mara moja.

Basi siku ikija ya kuziba ghafla. Mtoto anahangaika, anabadilika rangi midomoni, na hatoi sauti. Ita mtu kwa nguvu. Mlaze chali, kanga chini ya mabega. Nyonya. Mpira ukigoma kupita, au umepita na bado hapumui, usirudie kunyonya: kata tepe, toa mrija, weka mpya. Ukigoma, weka mdogo. Na huo ukigoma, pitisha mpira wa kunyonyea ndani ya mrija mdogo, ingiza ncha ya mpira kwanza kwenye tundu, kisha uteleze mrija juu yake kama anayepitisha mshipi kwenye nguo. Mtoto asiyepumua hupewa pumzi 5 kupitia mrija au tundu. Asipoonyesha dalili ya uhai, waliofunzwa hubonyeza kifua mara 15 kwa pumzi 2, theluthi ya unene wa kifua, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mrija ukishindikana kabisa, ziba tundu kwa kidole na umpulizie kwa mdomo. Hilo hufaa tu kwa mtoto ambaye njia ya juu ina uwazi. Aliyefunga kabisa huko juu, kupuliza mdomoni ni kupuliza ukuta. Yeye apuliziwe kwenye tundu.

Kwa hiyo kadi ya mtoto isiishie kwenye jina na tarehe ya kliniki. Iandikwe namba na aina ya mrija, namba ya mpira, sentimita za kuingiza, tarehe ya mwisho ya kubadilisha, simu ya wodi, na maneno makubwa: JUU PAKO WAZI, au JUU PAMEFUNGA.

Tumegusia sauti. Hewa hutokea chini ya nyuzi za sauti, hivyo mtoto analia machozi yanamtiririka na nyumba yote imelala. Asilale chumba cha peke yake. Njuga ndogo iliyofungwa mguuni, ile ya ngoma, huamsha mama vizuri kuliko kifaa chochote cha dukani. Baadaye wengine huwekewa vali ya kuzungumzia, inayoruhusu hewa kuingia shingoni na kutokea mdomoni. Haivaliwi usingizini, na ni marufuku kwa mrija wenye puto lililojazwa hewa kuuzunguka ndani ya trakea: hewa itaingia isipate pa kutokea.

Nyumbani kwetu kuna mambo mazuri ambayo kwake ni sumu. Poda ya mtoto shingoni, tunayoipenda sana baada ya kuoga. Udi na ubani. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza. Moshi wa kubangua korosho, ambao hata sisi wenye pua unatuchoma. Kujifukiza: mvuke wa sufuria humwunguza kabla haujamlainisha makohozi. Hirizi na shanga za shingoni hunasa mrija. Anayetaka mtoto avae, amfunge mkononi. Kuoga ni kwa beseni, maji yasifike kifuani, na baharini, iwe Mikindani au Kilwa, asiingie, maana maji hayatapita mdomoni ambako angeyatema. Chakula anakula kama wenzake, ugali, kisamvu, samaki aliyetolewa miiba. Korosho na karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano, na hilo ni la watoto wote. Shule aende, mradi mtu mzima mmoja pale awe amefunzwa. Jandoni asipelekwe porini. Atahiriwe hospitalini na sherehe ifuate.

Kwa hewa kavu ya kipupwe, upepo wa kusi ukipeperusha vumbi jekundu la Masasi na Newala, mrija uvishwe pua ya bandia, kile kichujio kidogo kinachotunza unyevu wa pumzi. Isipopatikana, kitambaa chepesi cha pamba, kisicho na manyoya, kilicholoweshwa kwa maji safi na kukamuliwa, kining'inizwe mbele ya tundu bila kulibana. Kikikauka kinaloweshwa tena.

Ombi letu kwa hospitali ni hili: mtoto asiruhusiwe kutoka mpaka watu wawili wa nyumbani wawe wamenyonya, wamebadilisha tepe na wamebadilisha mrija kwa mikono yao wenyewe mbele ya nesi, si kwa kutazama. Na hao wawili wasichaguliwe kwa kuangalia nani yuko wodini. Kwa jamii nyingi za huku, mjomba na bibi mzaa mama ndio wenye sauti. Wao nao wafundishwe, la sivyo watakuja kukataa wasichokielewa. Mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji apigiwe simu kabla mtoto hajafika, si baada ya kubanwa.

Na wazazi: mtoto akinenepa na kucheza, kishawishi ni kuuondoa mrija nyumbani, au kumpeleka kwa anayesema anaweza. Mrija huondolewa baada ya daktari kuchungulia kwa kamera na kuona njia ya juu imefunguka, mara nyingi baada ya kupunguzwa namba na kuzibwa kwa majaribio, na mtoto hubaki wodini akiangaliwa siku moja au mbili. Tundu husinyaa lenyewe kwa siku au wiki kadhaa. Likibaki wazi baada ya miezi mingi, hushonwa.

Kuhusu salfa, tunawaomba viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, na watendaji wa vijiji watangaze siku na upande wa kupuliza, kama wanavyotangaza minada. Inapulizwa alfajiri, umande ukiwepo na upepo umetulia. Mtoto abaki ndani, madirisha ya upande huo yafungwe mpaka vumbi litue, mrija unyonywe kabla ya kutoka, na nguo zake pamoja na vitambaa vya shingo zianikwe ndani siku hiyo.

Ni sisi,
Wauguzi wa wodi ya watoto,
Mtwara.